Dakika Thelathini na Tano

Bosibori ameshika simu, ndiye mwamuzi wa saa.
"Baba, tayari?"
Sijawa tayari. Nasema tayari.
Kidole chake kinagusa kioo,
na jikoni kwetu Umoja,
juu ya meza yenye mguu mmoja wa matofali,
mtihani wa mazoezi namba tisa unaanza.

Mawakili saba wanaketi kwenye benchi moja.
Nthenya hakai kando ya Okumu.
Okumu yuko kulia kwa Barasa, ila si mwishoni.
Benchi hilo nalijua.
Nimelipita asubuhi za miaka kumi na saba
pale Makadara, koti likinuka kabati,
nikienda kusimama kando ya kizimba
kumkopesha mshtakiwa ulimi.

Nimesema "mimi" na si mimi.
Mimi nilikata nyaya za stima.
Mimi sikumpiga, alianguka mwenyewe.
Mimi, mheshimiwa, naomba unihurumie,
nina watoto wanne.
Na mimi nina mmoja,
huyu anayesema, "Zimebaki ishirini na mbili."

Ishirini na mbili! Niko swali la tano.
Ugonjwa wangu naujua:
swali linakuja kwa Kiingereza,
nalivusha hadi Kiswahili,
nalipeleka Kisii, kwa sauti ya marehemu mama,
nione kama lina akili,
kisha nalirudisha njia ileile
likiwa na vumbi hadi magotini.
Mkalimani haongezi, hapunguzi. Hicho ndicho kiapo.
Mtihani unataka nipunguze:
ua matatu, bakisha moja.
A inasema kweli, ila haikuulizwa.
B inapiga kelele "daima" na "kamwe"
kama shahidi aliyefundishwa nyumbani.
C na D ni mapacha wanaogombania shati,
nami nimekaa katikati, kama desturi yangu,
nikiwasikiliza wote kwa heshima.

"Baba. Chagua."

Ikiwa shahidi amefika, kesi itasikizwa.
Kesi haikusikizwa.
Kwa hiyo?
Kwa hiyo shahidi hakufika, kitabu kinasema.
Ninamjua shahidi aliyefika mara sita
kwa miguu kutoka Mukuru,
faili ndiyo haikufika.
Natia alama kwenye jibu la kitabu
na mkono unaniwasha,
kana kwamba nimetafsiri vibaya.

Nimewahi kutafsiri vibaya.
Ilikuwa saa saba kasoro, hakimu anatazama mlango,
tumbo langu linanguruma chini ya tai.
Kijana wa watu, sandali za mpira, alisema: nilichukua.
Kinywa changu kikasema: niliiba.
Kalamu ya hakimu ilikuwa imeshapita.
Kati ya kuchukua na kuiba
kuna miaka mitatu Viwandani, nyuma ya ukuta,
na sikuinua mkono,
maana mkalimani hana neno lake.

Hayo sijamwambia Bosibori.
Yeye anadhani nataka joho
kwa sababu ya mshahara. Na mshahara pia, sikatai.
Kodi ya nyumba haijui falsafa.

"Tano za mwisho!"
Nakimbia. Sitafsiri tena, sina muda,
nachoma majibu kama mtu achomaye mahindi njiani,
hili limeiva, hili halijaiva, lete lingine,
na kwa maswali manne, labda matano,
ndani ya kichwa changu hakuna mtu mwingine anayesema.

Simu inalia.

Anasahihisha kwa kalamu nyekundu ya shule,
mdomo umebanwa kama wa marehemu bibi yake.
Kumi na sita kati ya ishirini na tano.
Juma lililopita, kumi na nne.
"Hapa ulikuwa umepata, halafu ukafuta. Kwa nini?"
"Nilidhani nimesikia vibaya."
"Lakini hukusikia, Baba. Ulisoma."
Anageuza karatasi, anaigeuza tena.
"Na jina umesahau kuandika. Huko wangekupa sifuri."

Naandika. Herufi kubwa, kama walivyoagiza.
Mita ya stima inaanza kulia.